Upepo wa Wastani: Lugha ya Mwelekeo wa Kipupwe katika Pwani ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Kila mwaka Juni inapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa ya mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Taarifa hiyo hueleza mambo matatu: joto litakavyokuwa, upepo utakavyovuma, na mvua chache zitakavyonyesha. Hutolewa kwa Kiswahili na huwafikia watu ambao maisha yao hayafanani hata kidogo. Mkulima wa Makete huisikiliza akiwa na hofu ya sakitu, ule umande unaoganda alfajiri na kuunguza mazao. Nahodha wa jahazi la Kilwa Kivinje huisikiliza akiwa na hofu ya mawimbi. Wote wawili husikia maneno yale yale, na kila mmoja huyaelewa kwa mizani ya mahali pake.

Mhadhara huu unayachunguza maneno hayo kwa upande wa pwani. Swali linaloongoza uchunguzi si kama mwelekeo unaotolewa ni sahihi kisayansi; hilo ni la wanahewa wenyewe. Swali ni hili: taarifa iliyo sahihi inapotamkwa kwa Kiswahili, je, msikilizaji wa pwani hupata maana ile ile aliyoikusudia mtaalamu? Hoja itakayojengwa ni kwamba katika jambo moja kubwa huenda asiipate, na chanzo cha kasoro hiyo ni neno moja linaloonekana kuwa jepesi, yaani neno "wastani". Ili hoja hiyo ieleweke, yapasa kwanza kutazama jinsi Kiswahili kinavyoyataja majira, kwa kuwa lugha hii ilikuwa na taaluma yake ya hali ya hewa kabla ya kuwapo kwa vituo vya vipimo.

2.0 Majira ya pwani ni majira ya upepo

Wafasiri na waandishi wa vitabu vya shule wamezoea kuyalinganisha majira manne ya Ulaya na maneno manne ya Kiswahili: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Ulinganishi huo unafaa darasani, lakini unaficha tofauti ya msingi. Majira ya Ulaya hupangwa kwa joto na kwa urefu wa mchana. Majira ya pwani ya Waswahili hupangwa kwa upepo, na mvua hufuata upepo.

Nguzo za mpango huo ni mbili, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nao ni wakati wa joto na wa bahari tulivu zaidi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na hufikia ukali wake katikati ya kipindi hicho. Baina ya nguzo hizo pana nyakati za mpito ambapo upepo haujachagua njia, na mabaharia huziita maleleji au tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kusafiri kwenda upande wowote. Masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, huja kaskazi inapoondoka na kusi inapoingia. Vuli, mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, huja kusi inapoondoka.

Uzito wa pepo hizi mbili katika lugha unaonekana mahali ambapo watumiaji wengi hawapatazami. Kiswahili Sanifu kina maneno manne ya pande kuu za dunia. Mashariki na magharibi ni maneno ya asili ya Kiarabu yanayohusu kuchomoza na kutua kwa jua. Kaskazini na kusini ni majina ya pepo yaliyotiwa kiambishi cha mahali: kule kaskazi itokako, na kule kusi itokako. Mabaharia walikuwa pia na majina mengine ya pande hizo, kama vile kibla kwa kaskazini na suheli, jina la nyota, kwa kusini. Lakini majina yaliyoshinda na kuenea bara yote ni yale ya upepo. Mwalimu wa Mbeya anayechora ramani ubaoni na kuandika "kusini" anautaja upepo wa bahari ambao labda hajawahi kusafiri nao.

Neno "msimu" lenyewe lina historia hiyo hiyo. Linatokana na neno la Kiarabu la wakati maalumu, lililotumiwa na mabaharia kwa majira ya kusafiri. Na Wareno walilichukua neno hilo hilo, likapita kwao hadi katika lugha nyingine za Ulaya kuwa jina la pepo za Bahari ya Hindi. Kwa baharia, kuujua msimu kulikuwa ni kujua kama safari inawezekana. Safari ya Vasco da Gama ni ushahidi mzuri. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikiwa imeanza, akiwa na rubani aliyempata hapo, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Kurudi alikata shauri kuondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya kaskazi kutengemaa, na ilimchukua takriban miezi mitatu kuiona tena pwani ya Afrika, huku mabaharia wake wengi wakifa kwa maradhi. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni msimu.

3.0 Mahali pa kipupwe

Kipupwe ni jina la baridi iliyomo ndani ya kusi. Hili ni jambo la kuzingatiwa. Kipupwe si nguzo ya tatu karibu na kaskazi na kusi, bali ni sehemu ya kusi inayotajwa kwa namna mwili wa binadamu unavyoihisi. Baridi yenyewe ni ya kadiri tu. Jijini Dar es Salaam joto la wastani la Julai hupungua kuliko la Februari kwa takriban nyuzi joto nne za Selsiasi, na mara nyingi tofauti kati ya usiku na mchana wa siku moja huwa kubwa kuliko hiyo. Mgeni kutoka Ulaya akiambiwa kuwa huu ndio wakati wa baridi hucheka. Hata wenyeji wa mjini wamelifanya neno kuwa la utani, wakaliita kipupwe hata lile baridi linalotoka kwenye kiyoyozi cha basi.

Kinachobadilika sana wakati huo ni bahari. Kusi inayovuma siku nyingi mfululizo juu ya eneo refu la maji husukuma mawimbi makubwa kuelekea pwani. Ngalawa na mitumbwi haitoki nje ya miamba kwa urahisi. Wavuvi wengi hubaki ndani ya ghuba au hufanya kazi nyingine. Safari za majahazi kwenda Mafia na Pemba huhesabiwa kwa saa za utulivu. Zamani, vyombo vya Oman, Hadhramaut na Gujarat vilivyokuja kwa kaskazi vilirudi ama Aprili kusi ilipoanza, ama Agosti na Septemba ilipopungua. Katikati ya hapo bahari ya Uarabuni ilihesabiwa kuwa imefungwa.

Kipindi hicho cha kupungua kwa kusi kina jina lake, demani. Mabaharia wa Kiarabu walikuwa na neno la jamaa moja na hilo kwa mwisho wa upepo huo huo. Katika lugha ya chombo, upande wa demani ni ule usiopigwa na upepo, kinyume cha upande wa goshi. Neno la kamba na tanga, basi, limekuwa pia neno la kalenda. Na hilo latosha kuonyesha ni watu gani walioyaunda majira haya na kwa haja gani.

Upepo huo huo hauishii Lamu. Mkondo wake hupita kando ya pwani ya Kenya na Somalia, ukapata kasi kubwa katika tabaka za chini za hewa, kama alivyoeleza mtaalamu J. Findlater mwaka 1969, kisha hugeuka kuelekea Uarabuni na India. Huko Dhofar, kusini mwa Oman, huleta ukungu na manyunyu ya kharifu, na milima hugeuka kijani. Kwa hiyo kipupwe cha Lamu na kharifu ya Salalah ni majina mawili ya safari moja ya hewa.

4.0 Miongo: mwelekeo wa msimu kabla ya vipimo

Waswahili hawakungoja upepo ubadilike ndipo waseme kuwa umebadilika. Walikuwa na hesabu. Mwaka wa mabaharia na wakulima wa pwani ulikuwa mwaka wa jua wenye siku 365, ulioanza Siku ya Mwaka, au Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi. Siku zake zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi liliitwa mwongo. Aliyejua mwongo alijua lini kupanda, lini kutarajia kusi kukaza, na lini chombo kiburutwe pwani kitiwe kalafati. Neno hilo leo limeshika kazi nyingine: katika Kiswahili cha sasa muongo ni miaka kumi, na wengi wanaolitumia hawajui kuwa liliwahi kuwa siku kumi.

Hesabu hiyo ilikuwa na ubora mkubwa, na ilikuwa na kasoro moja. Mwaka wa siku 365 bila siku ya nyongeza hurudi nyuma kwa takriban siku moja kila miaka minne kulinganishwa na jua. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotolewa mwaka 1870, alieleza kuwa Siku ya Mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo sherehe ya Mwaka Kogwa, inayofanyika Makunduchi, huangukia Julai. Kwa muda wa vizazi vichache sikukuu imehama kutoka demani hadi katikati ya kipupwe. Maana yake ni kwamba mzee aliyerithi kanuni isemayo kuwa jambo fulani hutukia katika mwongo fulani alilazimika kuirekebisha, la sivyo kanuni ingempotosha. Maarifa ya jadi, basi, hayakuwa jiwe lisilosogea. Yalidumu kwa sababu waliokuwa nayo waliyapima kila mwaka kwa bahari yenyewe.

Jambo hili lina umuhimu kwa hoja ya mhadhara huu. Yapo maandishi yanayoyasifu maarifa ya jadi kana kwamba yalikuwa mbadala wa sayansi, na yapo yanayoyadharau kana kwamba yalikuwa ushirikina. Hesabu ya miongo haiafiki upande wowote kati ya hizo mbili. Ilikuwa ni utaratibu wa kuhesabu, kulinganisha na kusahihisha, na kwa sura hiyo inafanana na kazi ifanywayo na vituo vya hali ya hewa leo.

5.0 Mwelekeo wa msimu unavyotengenezwa leo

Taarifa ya siku hizi hutokana na kulinganisha hali ya bahari na anga na kumbukumbu za miaka iliyopita, pamoja na hesabu za kompyuta. Kwa kipupwe cha pwani, jambo kuu ni mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene. Ukiimarika, husukuma hewa kwa nguvu kuelekea ikweta na kusi hukaza. Ukidhoofika, kusi hulegea. Joto la bahari huangaliwa pia. Tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1999, ina athari kubwa hasa kwa mvua za vuli, na dalili zake huanza kufuatiliwa wakati wa kipupwe.

Tangu mwaka 1998, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake wamekuwa wakikutana kabla ya misimu mikuu ili kuafikiana juu ya mwelekeo wa eneo zima, kazi inayoongozwa na kituo cha ICPAC kilichoko Kenya. Baada ya hapo kila nchi huandaa taarifa yake. Utaratibu wa taarifa hizo ni wa kimataifa. Huchukuliwa kipindi cha miaka 30, ambacho kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Miaka hiyo hupangwa kuanzia yenye kipimo cha chini hadi cha juu, kisha hugawanywa katika mafungu matatu yenye miaka kumi kila moja: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Mwelekeo husema ni fungu lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea.

Chukulia mfano wa kufikirika. Wataalamu wakiona kuwa uwezekano wa upepo kuwa juu ya wastani ni asilimia 25, wa kuwa wa wastani ni asilimia 45, na wa kuwa chini yake ni asilimia 30, taarifa fupi itasema: "Upepo wa kusi unatarajiwa kuwa wa wastani katika maeneo mengi ya pwani." Sentensi hiyo ni sahihi kisayansi na ni safi kisarufi. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

6.0 Maana nne za neno moja

Neno "wastani" lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya katikati. Katika Kiswahili cha leo lina maana zisizopungua nne.

Ya kwanza ni ya mazungumzo: kitu cha wastani ni cha kadiri, si kikubwa wala kidogo, kinachovumilika. Nyumba ya wastani, mtu wa kipato cha wastani, afya ya wastani. Ya pili ni ya darasa la hesabu: jumla igawanywe kwa idadi. Ya tatu ni ile ya mwelekeo wa msimu iliyokwisha elezwa, yaani fungu la katikati la miaka 30. Ya nne hutokea katika taarifa za bahari, pale ngazi za kipimo cha upepo cha Beaufort zinapofasiriwa: upepo wa wastani katika kipimo hicho ni ngazi ya nne, yenye kasi ya kilomita 20 hadi 28 kwa saa.

Kwa mvua, mgongano wa maana hizi una madhara, lakini msikilizaji huweza kuugundua. Dodoma hupata chini ya milimita 700 za mvua kwa mwaka, ilhali Pemba hupata zaidi ya 1,500. Mkulima wa Dodoma anajua kuwa mvua ya wastani ya kwao ni ndogo, kwa kuwa amekwisha kulima kwa mvua hiyo miaka mingi.

Kwa upepo wa Julai, mgongano huo ni mbaya zaidi. Wastani wa kusi katika kilele chake si upepo wa kadiri. Ni upepo mkali. Miaka kumi ya katikati kati ya miaka 30 ya Julai ni miaka ambayo ngalawa nyingi hazikutoka nje ya miamba. Katika kipindi hicho hicho, taarifa za siku za Mamlaka hutoa mara kwa mara angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili; na kilomita 40 kwa saa ni ngazi ya sita ya Beaufort, ngazi mbili juu ya ile inayoitwa ya wastani. Kwa hiyo katika wiki moja msikilizaji aweza kuambiwa kuwa upepo wa msimu ni wa wastani, na kuambiwa pia kuwa upepo ni mkali, na taarifa zote mbili zikawa kweli. Asiyejua kuwa neno limetumika kwa maana tofauti atafanya moja kati ya mambo mawili: ataamini lile linalomruhusu kwenda kazini, au hataamini lolote.

Bahari ya kipupwe haina subira na makosa ya namna hiyo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa, na watu wengi wakapoteza maisha. Ajali huwa na sababu nyingi, na haitakuwa haki kudai kuwa neno lolote la taarifa ndilo lililosababisha hiyo. Tukio hilo linatajwa hapa kwa sababu moja tu: linakumbusha kuwa katika mlango huo wa bahari, Julai ya kawaida yatosha kuua. Kipupwe hakihitaji kuwa "juu ya wastani" ili kiwe cha hatari.

7.0 Utabiri, mwelekeo na tahadhari

Lugha haikosi nyenzo za kurekebisha jambo hili, na katika sehemu nyingine marekebisho yamekwisha fanyika. Neno "utabiri" linatokana na kitenzi kilichohusu kufasiri ndoto, na bado lina harufu ya kujua ghaibu. Aliyetabiri na jambo lisitokee huonekana mwongo. Wanahewa wamefanya vyema kuliacha kwa taarifa za siku chache na kuchagua "mwelekeo" kwa taarifa za msimu. Mwelekeo ni mahali jambo linapoelekea. Njia yaweza kupinda. Neno hilo linabeba uwezekano ndani yake bila kuhitaji asilimia.

Hali kadhalika, mpangilio wa "angalizo", "tahadhari" na "tahadhari kubwa" umeupa umma ngazi zinazoeleweka. Mpangilio huo haumwambii tu msikilizaji upepo utakuwaje, bali unamwonyesha pia kiasi cha kujihadhari. Ni mfano wa istilahi iliyotoka katika matumizi ya watu ikapewa mipaka ya kitaalamu, badala ya kutoka katika lugha ya kigeni ikatafutiwa umbo la Kiswahili.

Pamoja na mafanikio hayo, yapo maneno ya pwani yaliyosahauliwa. Taarifa za kipupwe mara nyingi husema kuwa ukanda wa pwani utapata "mvua za nje ya msimu". Kwa nchi nzima kauli hiyo inaeleweka, kwa kuwa misimu rasmi ya mvua ni masika, vuli, na ule wa Novemba hadi Aprili katika mikoa yenye msimu mmoja. Kwa pwani kauli hiyo si sahihi. Mvua nyepesi zinazoletwa na kusi baina ya masika na vuli zina jina, mchoo, na kamusi za zamani za Kiswahili zimelirekodi. Mvua yenye jina na wakati wake haiko nje ya msimu; imeachwa nje ya jedwali. Neno "kiangazi" nalo linahitaji uangalifu. Pwani ni wakati wa joto la kaskazi, ilhali katika mikoa mingi ya bara ni miezi mikavu ya katikati ya mwaka, yaani miezi ile ile ambayo pwani ni ya kipupwe. Taarifa moja ikisema "wakati wa kiangazi" bila kutaja miezi, imesema mambo mawili yanayopingana.

8.0 Kutoka wastani hadi kawaida

Pendekezo la mhadhara huu ni dogo. Katika taarifa za upepo wa msimu kwa watu wa pwani, fungu la katikati lisiitwe "wastani" bali "kawaida ya msimu", na kawaida hiyo itajwe kwa jina lake na kwa kipimo chake. Sentensi ya mfano uliotolewa awali ingekuwa hivi: "Kusi inatarajiwa kuvuma kwa kawaida yake ya Julai, yaani kwa ukali, siku nyingi bahari itachafuka nje ya miamba, na nafuu itaanza demani itakapoingia." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ya kwanza. Hata hivyo haina hata neno moja linalohitaji kufafanuliwa kwa mvuvi wa Nungwi au wa Kipini.

Tofauti kati ya maneno hayo mawili si ya mapambo. "Wastani" humpeleka msikilizaji katikati ya kipimo, baina ya kidogo na kikubwa. "Kawaida" humpeleka katika kumbukumbu yake mwenyewe, kwenye kipupwe alichokiona mwaka jana na mwaka juzi. Na hicho ndicho hasa mtaalamu alichokusudia, kwa kuwa fungu lake la katikati ni kumbukumbu ya miaka 30 iliyoandikwa kwa tarakimu.

Pingamizi mbili zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba istilahi lazima iwe moja kwa nchi nzima. Ni kweli, lakini "kawaida ya msimu" yafaa kwa joto la Makete na kwa mvua ya Dodoma kama inavyofaa kwa kusi ya Kilwa, na "wastani" lingebaki katika majedwali ya wataalamu. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hali ya hewa inabadilika, Bahari ya Hindi ya magharibi imekuwa ikiongezeka joto, na mambo yasiyozoeleka hutokea. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya Tanzania, tukio la nadra ambalo hesabu ya miongo isingeweza kulionyesha. Je, ni busara kumrudisha msikilizaji katika kawaida wakati kawaida yenyewe inasogea?

Jibu limo katika historia ya Nairuzi. Kawaida ya pwani ilikuwa ikisogea tangu zamani, angalau katika kalenda, na waliokuwa na elimu hiyo waliisahihisha. Wanahewa nao hubadilisha miaka yao 30 ya rejea kila baada ya muongo mmoja. Kabla ya 1991 hadi 2020 walitumia 1981 hadi 2010. Kawaida si kitu kisichobadilika bali ni hesabu inayofanywa upya. Jambo lisilo la kawaida hutambulika kwa wale tu wanaoijua kawaida, na jina lake.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa majira ya pwani katika Kiswahili ni majira ya upepo. Kwamba kipupwe ni sehemu ya kusi, na hatari yake iko baharini kuliko katika joto. Kwamba pwani ilikuwa na utaratibu wake wa kutazamia msimu na kuusahihisha. Na kwamba mwelekeo wa kisasa, ulio sahihi kwa tarakimu, hupotoka unapopita katika neno lenye maana nne. Kazi ya kulinyoosha jambo hili si ya wanahewa peke yao. Ni ya wanaleksikografia watakaoingiza mchoo, demani na tanga mbili katika kamusi kama maneno yaliyo hai, ya wanaistilahi watakaokubali kuketi na manahodha kabla ya kuidhinisha orodha, na ya wanafunzi wa Kiswahili watakaokwenda Mafia, Pemba na Pate kuyasikia maneno hayo kwa wanaoyatumia, wakati wanaoyatumia wangalipo. Kipupwe kijacho kitakuwa na mwelekeo wake, nao utasomwa kwa Kiswahili. Nahodha wa Kilwa Kivinje atausikiliza akiwa na jambo moja tu la kuamua, nalo ni kama atatweka tanga asubuhi ile au hatatweka. Anastahili kupewa neno lenye maana moja.